Jinsi ya kuchambua video ya muziki kwa nadharia za media, hatua kwa hatua, kwa mfano wa video ya kwetu Mbeya

Watu wengi wakipewa kazi ya kuchambua video ya muziki wanaangukia sehemu mbili. Kuna anayesimulia video mwanzo mwisho, jamaa katokea, demu kamkataa, wamegombana, wamerudiana, kwisha habari. Alafu kuna anayemwaga majina ya wanazuoni wa media, Barthes alisema hivi, Stuart Hall alisema vile, ukurasa wa kwanza mpaka wa tatu ni majina tu, na ukijaribu kutoa jina la video ukaweka la nyingine insha inabaki vilevile, haiguswi popote. Mimi hapo ndo napimia kazi ya mtu. Kama video inaweza kubadilishwa na uchambuzi usitikisike, basi hizo ni notsi za darasani tu umezinakili.

Nadharia ichukulie kama swali. Kila mmoja wa hao wazee anakupa swali la kuiuliza video, na jibu unalikuta humo humo ndani, kwenye sekunde fulani, shoti fulani (kipande kimoja cha picha kisichokatwa), nguo fulani. Ukiwa na maswali mawili au matatu mazuri unatoka na kazi kali kuliko aliyeyabeba yote kumi.

Ili tusiongee hewani nitatumia video ya mfano, nimeitunga kwa kuchanganya vitu tunavyoviona kila siku kwenye kazi za vijana wa huku Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo usihangaike kuitafuta YouTube, haipo. Iko hivi: dogo wa Mwanjelwa anaimba wimbo wa mapenzi, demu wake kaondoka kwenda Dar kutafuta maisha, kwenye kiitikio anamwambia arudi nyumbani. Dakika 3 na sekunde 40. Inaanza na droni inapita juu ya ukungu wa mlima Loleza, alafu tunamwona dogo anapakia magunia ya viazi kwenye Fuso pale Uyole, mara ghafla yuko katikati ya mashamba ya chai ya Rungwe kavaa koti jeupe refu anaimba huku anatukazia macho. Korasi inaruka mpaka klabu yenye mataa ya bluu na pinki, hiyo ndo Dar yao, demu anacheza kavaa kigauni. Vesi ya pili dogo kakaa kwenye benchi stesheni ya TAZARA kashika sweta la kufuma rangi ya maziwa. Mwisho treni inafika, demu anashuka anatetemeka, dogo anamvisha lile sweta, skrini inakuwa nyeusi. Hilo sweta lishike vizuri maana tutalirudia sana.

Kabla hujaanza

Chagua video ambayo unaweza kuiangalia mara nyingi bila kuichoka, na hakikisha unajua ni toleo lipi. Wimbo mmoja siku hizi una video rasmi, una ile ya maneno tu, una ya laivu, na vipande vya TikTok juu, na kila kimoja ni kitu tofauti kabisa kwenye uchambuzi.

Bando ni shida, tunajuana. Mizunguko ya kwanza angalia kwa 360p inatosha, HD iweke kwa zile shoti chache unazotaka kuzichimba. Kama una kompyuta, YouTube ina vitufe vinavyosaidia sana na watu hawavijui: K inasimamisha, J inarudisha sekunde 10, L inapeleka mbele sekunde 10, na ukishasimamisha kitufe cha mkato na cha nukta vinakusogeza picha moja moja nyuma au mbele. Kwenye simu gonga mara mbili pembeni mwa skrini inaruka sekunde 10, na kwenye setingi unaweza kupunguza spidi mpaka 0.25. Daftari na kalamu, basi.

Hatua ya 1: iangalie mara tatu, kila mara kivyake

Mara ya kwanza iangalie kama mtu wa kawaida, usiandike kitu, ikiisha ndo uandike mistari miwili ya ulichohisi. Ile hisia ya kwanza ni data, ukishaanza kuchambua hautaipata tena.

Mara ya pili zima sauti. Hapa ndo utashangaa, maana wimbo ukinyamaza unaanza kuona kamera inavyohangaika, mikato ilivyo mingi, nani anaonekana uso na nani anaonekana kiuno tu. Mara ya tatu fanya kinyume, geuza simu kifudifudi usikilize tu, na uandike picha zinazokujia kichwani. Andrew Goodwin, ambaye kitabu chake cha 1992 ndo nguzo kubwa ya somo hili, alianzia hapo hapo: msikilizaji tayari anaona picha kichwani kabla hata video haijatengenezwa, kwa hiyo dairekta hajazi ukurasa mtupu, anashindana na picha ulizonazo tayari. Kwenye video yetu ukisikiliza tu utaona mvulana analia chumbani labda, hutaona Fuso wala viazi. Viazi kavileta dairekta. Swali la kwanza unalo tayari, kwa nini viazi?

Hatua ya 2: chora jedwali

Hii ndo kazi ya kuchosha na ndo inayotofautisha watu. Gawa wimbo kwa sehemu zake, intro, vesi ya kwanza, korasi, vesi ya pili, korasi, briji kama ipo, na mwisho. Kila sehemu andika dakika inapoanza, kinachoonekana, umbali wa kamera (mbali, kati, klozap yaani karibu kabisa), inatazama kutokea juu au chini, imetulia au inatembea, rangi na mwanga, na maneno yanayoimbwa muda huo huo.

Alafu hesabu shoti. Tuseme vesi ya kwanza ya mfano wetu inaanza 0:27 mpaka 1:05, sekunde 38, ina shoti 11, ni wastani wa kama sekunde tatu na nusu kila moja. Korasi inaanza 1:05 mpaka 1:24, sekunde 19, ina shoti 16, kila moja sekunde 1.2 tu. Sasa kama biti iko 100 kwa dakika na wimbo ni wa mapigo manne, ba moja, yaani mzunguko mmoja wa hayo mapigo manne, inachukua sekunde 2.4, maana yake kwenye korasi edita anakata kila nusu ba, juu ya pigo kabisa. Nyumbani Mbeya kamera inatulia, Dar inakimbizwa na biti. Huo sio ufundi tu, hapo edita kashasema kitu kuhusu mji na kuhusu nyumbani na hajatumia neno hata moja, na wewe una namba za kuthibitisha, hakuna mtu atakwambia umejitungia.

Hatua ya 3: Goodwin, hapa usikimbie

Kama una muda wa nadharia moja tu, chukua hii, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya video za muziki zenyewe wakati nyingi ya nyingine zimeazimwa kwenye filamu na fasihi. Goodwin alikuwa anawapinga watu waliokuwa wanaichambua MTV (ile iliyoanza Marekani tarehe 1 Agosti 1981) kama vile haina sauti, kama filamu fupi bubu. Yeye akasema anza na muziki.

Swali lake la kwanza ni picha na maneno vina uhusiano gani. Kuna picha inayoonyesha kilichoimbwa vilevile, anaimba mvua na mvua inanyesha. Kuna inayoongeza, inakupa maana ambayo maneno hayana. Na kuna inayopingana au isiyohusiana kabisa na maneno. Video nyingi zinachanganya zote tatu na kazi yako ni kusema wapi ipi, na kwa nini pale. Mfano wetu: pale anapoimba "rudi nyumbani" tunaona klabu, yaani maneno yako Mbeya, macho yako Dar. Mwanafunzi mvivu ataandika "picha inapingana na maneno" ataishia hapo. Wewe endelea. Wimbo unamwita demu kutoka mahali ambapo video yenyewe inafurahia kukaa, maana mataa yote mazuri, mikato ya kasi, na hela ya prodaksheni imeenda kwenye klabu. Video inalaani Dar kwa mdomo huku inaitamani kwa macho. Hiyo ni hoja, na ukipata hoja ya namna hiyo mapema umeshamaliza nusu ya kazi.

Swali la pili, picha na muziki. Sio mikato tu, angalia na mwendo wa watu, kamera inapozunguka, mwanga unapowaka, je vinafuata ngoma, besi, au sauti ya mwimbaji? Pale gitaa linapoingia vesi ya pili na kamera inaanza kusogea taratibu kuelekea benchi la stesheni, gitaa na kamera vinafanya kazi moja.

Tatu ni uso wa msanii. Lebo au menejimenti inataka umjue mtu wao, kwa hiyo klozap zinakuwa nyingi kuliko hadithi inavyohitaji, na msanii anakuwa na alama zake zinazojirudia, miwani, mkufu, namna ya kusimama. Lile koti jeupe kwenye chai halina maelezo kwenye hadithi, hakuna mpakia viazi anayeenda shambani na koti jeupe. Lipo kwa sababu pale sio mpakia viazi tena, ni staa. Nne, kuangalia: nani anatazama nani, kuna skrini ndani ya skrini, kuna kioo, kuna mtu anarekodiwa na simu, na wanawake wanaonyeshwaje, hii nitaipa hatua yake. Tano ni kuazima, mwingilianomatini kwa lugha ya vitabuni, video inapokumbusha filamu au tangazo au video nyingine. Na vyote hivyo vinabebwa na aina ya muziki, maana hip hop ina desturi zake, singeli ina zake, na kwaya ina zake.

Kwaya, ngoja niseme kidogo. Huku kwetu video za kwaya ni nyingi sana na ni wachache wanaozichambua, na ndo mazoezi mazuri kuliko yote ya kujifunza aina. Sare moja, mistari miwili mitatu, hatua kulia hatua kushoto, bustani ya maua au maporomoko, alafu kipande cha maigizo ya mlevi anayeokoka. Steve Neale, mwanazuoni wa filamu, alisema aina yoyote inaishi kwa kurudia na kutofautiana, mtazamaji anataka kile kile lakini kisiwe kile kile kabisa. Chukua video tano za kwaya za Mafinga au Tukuyu, orodhesha yanayojirudia, alafu tafuta ile moja iliyothubutu kufanya tofauti. Utaelewa aina kwa mchana mmoja.

Hatua ya 4: ishara, yaani turudi kwenye sweta

Roland Barthes, Mfaransa, miaka ya 1950 alikuwa anachambua vitu vya kawaida kabisa vya magazetini, matangazo ya sabuni, mieleka, chakula, na alichotuachia ni ngazi mbili za maana. Ya kwanza ni ya dhahiri, kitu chenyewe kilivyo. Ya pili ni ile inayoning'inia juu yake kwa sababu ya utamaduni wetu. Juu ya hapo akaweka kitu alichokiita hekaya, pale maana ya pili inapozoeleka mpaka inaonekana ni ukweli wa asili, kana kwamba hakuna mtu aliyeitengeneza.

Namna ya kufanya: simamisha video, chagua kitu kimoja, andika mistari mitatu. Sweta, ngazi ya kwanza: vazi la uzi, limefumwa kwa mkono, rangi ya maziwa, kubwa kidogo kwa mwili wa demu. Ngazi ya pili: baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo kila mtu wa Mbeya na Njombe anaijua, mama au bibi aliyelifuma, shule ya bweni, joto la nyumbani, kujistiri. Ngazi ya hekaya: nyumbani ni mahali pa utu na usafi, mji unamvua mtu nguo, na mwanamke akirudi anavishwa upya. Umeona tulivyotoka kwenye uzi mpaka kwenye itikadi bila kuruka ngazi. Wengi wanaruka, wanaandika "sweta linawakilisha mfumo dume" bila kupita katikati, msomaji anabaki anajiuliza limewakilishaje.

Fanya vilevile na treni. TAZARA ilikabidhiwa 1976, ilijengwa kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi Zambia, na kwa mtu wa rika la wazazi wetu hiyo reli imebeba habari za ukombozi na ujamaa. Lakini leo mtu wa Mbeya mwenye haraka ya Dar anapanda basi. Kwa hiyo dairekta kumshusha demu kwenye treni badala ya stendi sio kwa sababu ndo usafiri wake, kachagua kitu cha taratibu, cha kizamani, chenye benchi na reli ndefu inayopotea kwenye ukungu. Jiulize kila mara angeweza kuweka nini badala yake na kwa nini hajaweka. Weka basi na wapiga debe wa stendi pale mwisho uone mapenzi yote yanavyoyeyuka.

Hatua ya 5: hadithi, fupi

Sio kila video ina hadithi, nyingine ni pafomansi tu, nyingine ni wazo linalorudiarudia, na usilazimishe. Kama ipo, Todorov, mwanazuoni wa hadithi, anakuuliza kulikuwa na utulivu gani, nini kilivuruga, na utulivu mpya ukoje. Lévi-Strauss, mwanaanthropolojia, anakuuliza jozi gani zinapigana: baridi na joto, ukungu na mataa, sweta na kigauni, kazi ya mikono na starehe, taratibu na haraka. Kuorodhesha jozi ni rahisi, kinachohitajika ni kusema video imeipa upande upi ushindi. Propp yeye alichambua hadithi za kijadi za Urusi mwaka 1928 na akatoa aina saba za wahusika, shujaa, adui, mtoaji na kadhalika, na kwa kweli kwenye video ya dakika tatu mimi namtumia mara chache sana, ila swali lake moja ni zuri: adui yuko wapi? Hapa hakuna mwanaume wa Dar aliyemchukua demu. Adui ni mji wenyewe.

Hatua ya 6: nani anatazamwa

Laura Mulvey mwaka 1975 aliandika makala kuhusu sinema za Hollywood akasema kamera imejengwa kwa jicho la kiume, mwanaume anatazama na anasukuma hadithi, mwanamke anatazamwa na hadithi inasimama kidogo ili atazamwe vizuri. Alitenganisha macho matatu, ya kamera, ya wahusika wao kwa wao, na ya sisi tulioko nje.

Usiishie kusema "video imemdhalilisha mwanamke". Rudi kwenye jedwali lako uhesabu. Demu ana shoti ngapi, na kati ya hizo ngapi zinaanzia miguuni kwenda juu, ngapi zinamkata kichwa, ngapi anaangalia kamera, ngapi anaongea au anaimba. Kwenye mfano wetu dogo anatukazia macho kwenye chai karibu vesi nzima, anaongea na sisi. Demu haimbi hata neno, haongei, hajawahi kuulizwa kwa nini aliondoka, na pale stesheni hafanyi kitu, anafanyiwa, anavishwa.

Ila Mulvey aliandika kuhusu Hollywood, na mwaka 1992 bell hooks, Mmarekani mweusi, alimjibu kwamba mwanamke mweusi hakuwahi kukaa kwenye ile nafasi kirahisi, na kwamba yeye naye ana jicho lake, la kupinga, anaangalia huku anakataa. Hilo linatusaidia sana sisi maana wadada huku nao wanaziangalia hizi video na sio wajinga. Pia angalia jicho la kamera kwa wanaume, siku hizi msanii wa kiume naye anavua shati analowa mvua, hapo Mulvey peke yake hatoshi.

Hatua ya 7: uwakilishi, na nani anasoma vipi

Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston Jamaika aliyefanya kazi yake Uingereza, mwaka 1973 alisema anayetengeneza anafunga maana ndani ya kazi, na anayepokea anaifungua kwa namna yake. Anaweza kukubali kama alivyotakiwa, anaweza kukubali nusu na kurekebisha, au akaipinga kabisa. Inategemea yuko wapi na kapitia nini.

Hapa toka kwenye skrini, nenda kwa watu. Muonyeshe mama anayeuza parachichi, muonyeshe binti wa chuo, muonyeshe binamu yako aliyekulia Dar, uliza swali moja tu, huyu dada kafanya vizuri kurudi? Mmoja atasema ndiyo, mji una mambo. Binamu ataliona sweta atacheka, kwake lile ni vazi la mshamba, kitu ambacho kwa mtu wa Makete ni nguo ya kila siku tu. Na binti wa chuo anaweza kukwambia sasa kama nyumbani kungekuwa na kazi si asingeondoka, na nani kawaambia anasikia baridi. Hizo ndo namna tatu za kusoma za Hall, na umezipata kwa watu, hujazitunga. Komenti za YouTube nazo zinafaa, ila kumbuka anayekomenti mara nyingi ni shabiki wa msanii, usizifanye ndo sauti ya taifa.

Hall pia aliandika sana kuhusu picha za mazoea, jinsi kundi zima la watu linavyobanwa kwenye sifa mbili tatu. Sisi tunalijua hili kwa uchungu. Kwenye maigizo na video ngapi za mjini dada wa kazi ni wa kutoka Iringa, anaongea Kiswahili cha kuchekesha, kafunga kitambaa, hajui kutumia jiko la gesi? Mhehe au Mbena akiiona hiyo hacheki kama wengine. Sasa uliza video yako inaivunja hiyo picha au inaiongezea nguvu. Ya kwetu inafanya vyote viwili, inaonyesha Nyanda za Juu kuna uzuri, chai, milima, vijana wanaofanya kazi, lakini inabakiza ile ile ya zamani, kwamba huku ni mahali pa kurudia na sio mahali pa kufikia malengo. Kwenye video nzima hakuna hata shoti moja ya Kabwe, maghorofa, taa za barabarani, benki, wakati Mbeya ni jiji. Wameikata makusudi. Kisichoonekana nacho kiandike.

Hatua ya 8: staa na hela

Richard Dyer mwaka 1979 alieleza kwamba staa ni kitu kinachotengenezwa, kwa kazi zake, promosheni, habari za magazeti na maneno ya wakosoaji, na tunapomwona kwenye skrini tunamwona na hayo yote aliyobandikwa. Tazama Sugu, Joseph Mbilinyi, mmoja wa waasisi wa rap ya Kiswahili ambaye akaja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010 mpaka 2020. Mtu akiangalia kazi zake za zamani leo hawezi kumtoa ule ubunge, mistari ya mtaani inabeba uzito mwingine. Au Rayvanny, mtoto wa Mbeya, aliyechukua tuzo ya BET 2017, ule wasifu wa kijana wa mkoani aliyepenya unaingia kwenye kila picha yake hata kama kasimama tu. Kwa hiyo uliza msanii wako anatuuzia utu gani, na video imefanya nini kuujenga. Dogo wetu anataka vyote, awe mpakia viazi kama sisi na awe staa wa koti jeupe. Dyer aliliona hilo, staa lazima awe wa kawaida na wa ajabu kwa wakati mmoja.

Kuhusu hela, angalia kinachotangazwa bila kusemwa, simu iliyoshikwa nembo mbele, kinywaji, duka la nguo lililoandikwa mwisho. Na kumbuka kuna Basata (Baraza la Sanaa la Taifa) na wasimamizi wa utangazaji, mwaka 2018 zilifungiwa nyimbo kadhaa, na msanii anajua hilo kabla hajaingia lokesheni, kwa hiyo kuna vitu havipo kwenye video kwa sababu ya kanuni na sio sanaa.

Hatua ya 9: chagua, alafu andika

Sasa una daftari limejaa, na kosa kubwa ni kutaka kulimwaga lote. Chagua hoja moja, chagua nadharia mbili au tatu zinazoibeba, nyingine acha. Mimi kwa video hii ningeshika ile ya kulaani Dar kwa mdomo na kuitamani kwa macho, nikaibeba na Goodwin, Barthes na Mulvey. Todorov ningemtupa bila kufikiria mara mbili.

Kila aya ianze na video, nadharia ifuate, alafu urudi kwenye video. Mfano:

"Kwenye korasi ya kwanza (1:05 mpaka 1:24) sauti inaimba 'rudi nyumbani' wakati skrini ina shoti 16 za klabu, zinazokatwa juu ya biti. Kwa Goodwin hapa picha inapingana na maneno, lakini kupingana kwenyewe kuna upendeleo, kwa sababu vesi ya nyumbani ina shoti 11 tu kwa muda mara mbili, na hakuna mwanga wa rangi wala mwendo wa kamera unaolingana na huu. Kamera inamshusha demu kutoka usoni mpaka miguuni mara nne, na kwa hiyo mtazamaji anapewa starehe ile ile ambayo wimbo unamlaumu demu kwa kuifuata. Akivishwa sweta mwishoni (3:22) anafunikwa pia kwa ajili yetu, tulioshamaliza kumtazama."

Hesabu majina kwenye hiyo aya, ni moja. Mulvey yumo na hajatajwa, unaweza kumtaja au usimtaje, kazi yake imeshafanyika.

Usiandike "dairekta alitaka kuonyesha" kama hujamuuliza, andika "video inaonyesha". Na kama dairekta yuko mtaani kwako mtafute umuulize, wengi huku hawana makuu, na anaweza kukwambia koti jeupe waliazima dakika ya mwisho sababu mvua iliwakuta Tukuyu. Hilo halifuti uchambuzi wako, maana mtazamaji haoni mvua, anaona koti.

Kila unachodai weka dakika na sekunde. Na pale mwanzo wa kazi andika jina la chaneli, urefu wa video na tarehe uliyoiangalia, kwa sababu video huwa zinashushwa na kupandishwa upya zimekatwa, na ile 3:22 yako kwenye toleo jipya inaweza kuwa 3:09 au isiwepo kabisa.